Majibu kwa Wasomaji: Mtoto wa Shule, Mbwa na Paka

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu watoto wa shule na wanyama wa nyumbani. Barua nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtoto afundishwe vipi kumhurumia mnyama? Wanaojibu ni daktari wa mifugo na mwalimu wa shule ya msingi, na katika karibu kila jibu wanarudi palepale: mtoto ajue kumsoma mnyama kwa macho, awe na kazi moja ya kumtunza, na ajue mahali pa kuishia.

*Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 72. Nataka kumleta mbwa wangu darasani, ni mpole sana, ili watoto wamzoee na kumpenda. Nianzeje?*
— Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, mbwa mwache nyumbani. Hata awe mpole namna gani, mikono ya watoto 72 ikimjia kwa mpigo ni tishio, na mbwa aliyekosa pa kukimbilia huuma. Tena darasa kubwa kama hilo halikosi mtoto mwenye pumu, wala mtoto anayeogopa mbwa ambaye hofu yake itazidi. Somo zuri hufanyika bila mnyama, kwa khanga kuukuu, chaki, ndoo ya maji na chupa tupu za soda.

Anza na khanga. Iviringe iwe furushi la ukubwa wa paka, ufunge fundo upande wa kichwa. Kila mtoto alibebe: kiganja kimoja chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kingine chini ya makalio, kisha furushi liegemee kifuani kwake. Wengi watalinyanyua kwa shingo au kulibana kiunoni, na hapo ndipo pa kusimama na kusahihisha. Paka akinyanyuliwa miguu ya nyuma ikaning'inia anahisi anaanguka, hivyo hutoa kucha ashike chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni mkono au uso wa mtoto. Mtoto akishaelewa sababu hiyo, haachi kulishika furushi makalioni.

Sasa chaki. Chora mbwa watatu ubaoni. Wa kwanza mwili umelegea, mdomo wazi kidogo, mkia unacheza pamoja na kiuno kizima. Wa pili ameufyata mkia, masikio ameyalaza, anajilamba pua, anageuza uso pembeni hadi weupe wa macho unaonekana. Wa tatu amekakamaa, mkia wake umesimama juu na unatikisika upesi upesi, macho ameyakaza. Waulize yupi wa kusogelewa. Baadhi watamchagua wa tatu, kwa kuwa wameambiwa mbwa akitikisa mkia amefurahi. Huyo amepandwa na mori. Wengine watamwonea huruma wa pili, waseme wanataka kumkumbatia. Hapa kaa nao sana, maana ndiyo njia ambayo watoto wapole huumwa usoni: mbwa mwenye woga akizungushiwa mikono shingoni hana tafsiri ya upendo, anaona amekamatwa.

Baada ya hapo wafundishe kuomba ruhusa mara mbili. Kwanza kwa mwenye mbwa. Akikubali, mtoto asimame kwa ubavu, akunje ngumi, mkono autulize pajani, amwache mbwa aje mwenyewe kunusa. Mbwa asipokuja, amekataa, na hakuna kumfuata. Akija, mtoto ampapase begani au kifuani kwa hesabu ya tatu, kisha aondoe mkono. Mbwa akisogea tena, anaendelea. Akitulia tu au akiondoka, basi. Kumpapasa utosini ni kosa la kawaida, kwa sababu mkono unaoshuka kutoka juu unafanana na mkono unaopiga.

Kwa mbwa asiye na mwenyewe hakuna kumpapasa kabisa. Zoezi lake linaitwa "mti": miguu pamoja, mikono imeshuka mbele, macho chini kwenye vidole vya miguu, kimya. Mbwa anayekimbiza hufuata kinachokimbia na kupiga kelele; mti humchosha upesi. Mtoto akiangushwa anakuwa "jiwe": anajikunja kifudifudi, uso chini, viganja nyuma ya shingo na viwiko vikifunika masikio. Darasa lote lifanye mara tano, wewe ukizunguka kati yao kama mbwa anayenusa. Watacheka mara ya kwanza. Ya nne watakuwa wametulia.

Maji yafundishe kwenye hisabati. Mbwa huhitaji takribani mililita 60 za maji kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na zaidi siku za joto. Mbwa wa kilo 15, yaani wa kimo cha kawaida cha mbwa wetu wa kienyeji, anahitaji mililita 900. Hizo ni chupa tatu za soda za mililita 300. Zimimineni ndooni watoto wakiona, kisha uulize nani kwao mbwa hupewa kiasi hicho. Pengine utasikia kimya. Kazi ya nyumbani ni siku saba za kuandika saa bakuli lilipooshwa na lilipojazwa. Asiye na mnyama aandike alivyomwona paka wa sokoni au wa jirani, akiwa mbali na bila kumgusa.

*Wavulana wa shule yangu huwarushia mawe mbwa wanaokuja karibu na jiko. Tumewachapa, hawaachi. Tufanyeje?*
— Mwalimu mkuu, Bukoba

Tazameni kwanza shimo la taka. Mbwa hawaji kwa ajili ya shule, wanafuata makombo ya ugali na maharage. Shimo lenye mfuniko, au makombo kupewa mfugaji wa nguruwe kila jioni, litapunguza mbwa ndani ya wiki chache. Kuwatilia sumu msikubali hata mkishauriwa: makombo yakibaki, mbwa wengine wataingia, na sumu haitambui mbwa wa jirani wala mtoto anayeokota kitu chini.

Kuhusu wavulana, tuseme wazi kwamba kiboko kinawafundisha lilelile mnalowakataza, kwamba mkubwa akimkasirikia mdogo anampiga. Wengi wanaorusha mawe wanaogopa, na jiwe ndilo ulinzi pekee walioonyeshwa. Wafundisheni zoezi la "mti", kisha waelezeni jambo hili: mbwa aliyepigwa mara nyingi hukariri. Hukariri sare, hukariri mtu anayeinama kuokota. Siku akikutana na mtoto mdogo mwenye sare hiyo aliyeinama kufunga kiatu, hasubiri. Anayelipia jiwe la mvulana wa darasa la saba ni mdogo wake wa chekechea.

Kisha wapeni kazi wale wale vinara. Kuziba shimo, kuhesabu mbwa wanaopita, kuandika majina ya kaya zenye mbwa ili ofisa mifugo wa kata awachanje. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikifikia mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea, kwa hiyo orodha hiyo inafanya kazi halisi. Wasikieni pia wakiitana "mbwa wewe". Neno hilo watoto hulisikia kama tusi kabla hawajamjua mnyama mwenyewe, na mwalimu anayelitumia darasani anajenga alichokuwa anabomoa.

Yupo mtoto wa namna nyingine: anayemtesa mnyama peke yake, kwa siri, tena na tena, na kufurahia maumivu. Huyo msimwadhibu mbele ya wenzake. Mara nyingine naye anateswa mahali fulani. Mwalimu wa ushauri nasaha akae naye faragha na aulizie hali ya nyumbani. Kwa watu wazima sheria iko wazi: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

*Binti yangu wa darasa la tatu ameokota watoto watatu wa paka, macho ndiyo kwanza yamefumbuka. Tunawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mmoja amekufa leo asubuhi na binti analia. Tunakosea wapi?*
— Mama wa watoto wawili, Mwanza

Pole, mama, na mpe pole binti. Kwa umri huo, kama wiki mbili, makosa yanayoua ni matatu: baridi, maziwa, na namna ya kulisha.

Baridi kwanza. Paka mchanga hawezi bado kujitunzia joto, na akipoa tumbo lake huacha kusaga chakula. Ukimlisha akiwa wa baridi, maziwa yanakaa tumboni na kuchacha. Ingiza ncha ya kidole kisafi mdomoni mwake; ukihisi ubaridi, usimpe chochote. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto, si yanayochemka, uizungushie khanga mara mbili na kuilaza upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uwe wazi ili akizidiwa na joto ajisogeze. Badilisha maji kila yanapopoa, usiku pia.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuhara humkausha paka wa gramu 200 ndani ya saa chache. Maduka ya dawa za mifugo ya miji mikubwa baadhi yana maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ukiyakosa, kwa siku moja mbili za dharura changanya kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa na kiini kimoja cha yai. Dawa bora kuliko zote, lakini, ni paka jike anayenyonyesha. Ulizia mtaani. Wengi wao humpokea mtoto wa mwenziwe akishasuguliwa na kitambaa walicholalia watoto wake.

Kijiko kiweke kando. Tumia bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano. Paka alale kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Tone kwa tone, asubiriwe ameze. Maziwa yakimtokea puani, simamisha, inamisha kichwa chake chini na umfute. Mwenye gramu 200 hutosheka na mililita 8 hivi kwa mara moja, kila baada ya saa nne. Ukimaliza, chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu umpanguse taratibu sehemu za haja hadi akojoe. Kabla ya wiki tatu hawezi mwenyewe. Mama yake humlamba, na asiyepanguswa hufa akiwa ameshiba.

Kazi ya binti yako isiwe kulisha. Awe mwandishi: saa ya kulishwa, kiasi, amekojoa au la, na uzito kila asubuhi kwenye mizani. Uzito ukipanda gramu 10 hadi 15 kwa siku, mnakwenda vizuri. Usipopanda kwa siku mbili, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Wakifika wiki nne waanzieni samaki aliyechemshwa, asiye na miiba wala chumvi, amepondwa. Na binti anawe mikono kwa sabuni kila akiwagusa, kwa sababu watoto wa paka huambukiza minyoo na choa.

Halafu mwambie, bila kumlaumu, kwamba paka wachanga wanaolala kimya wakiwa safi na matumbo yamejaa hawajatupwa. Mama yao ameenda kuwinda. Siku nyingine awaache hapohapo, asimame mbali, aje akuite. Wanaohitaji kuokolewa ni wale wachafu, wa baridi, wanaolia mfululizo.

*Mwanangu aliumwa kidogo na mtoto wa mbwa wetu akaficha siku mbili akiogopa kupigwa. Kidonda ni kidogo sana na mbwa ana miezi miwili tu. Kuna haja ya hospitali?*
— Baba, Dodoma

Ipo, na ni leo. Kidonda kidogo na mbwa mdogo si kinga. Mtoto wa mbwa huweza kuwa na kichaa kama mkubwa, na dalili zikishamtokea binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Takribani watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kuchelewa siku mbili hakujafunga mlango. Chanjo inafaa maadamu dalili hazijaanza.

Oshea kidonda chini ya maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata sasa. Dakika 15 ni ndefu: mtoto atalia na wewe utachoka kwenye ya tano. Weka saa. Sabuni huvunja ganda la kirusi, ndiyo maana kipande cha sabuni ya kufulia kinashinda mafuta ya taa, kahawa au pilipili ambazo watu hupaka. Usikifunge wala kukishona kabla ya kuonana na mhudumu. Si kila zahanati ina chanjo, hivyo piga simu kwanza au nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Sindano ya kwanza hufuatwa na ya siku ya 3 na ya 7, na nyingine kadiri mhudumu atakavyopanga. Anayeacha katikati kwa kuwa kidonda kimepona anajidanganya. Kidonda hakihusiani na safari ya kirusi.

Mbwa msimuue. Mfungieni peke yake, ale na anywe, mmwangalie siku 10 tangu alipouma. Akibaki mzima, hakuwa na kirusi mateni siku ile, na daktari ataamua kama sindano zilizobaki zinahitajika. Akibadilika tabia, akitokwa mate, akilegea taya au akikosa nguvu miguuni, mwiteni ofisa mifugo mara moja. Taya lililolegea huwaponza watoto wenye huruma: humwona mbwa amekwamwa na mfupa kooni, wakaingiza mkono kuutoa. Mfundishe mwanao kwamba mbwa asiyeweza kufunga mdomo haguswi na mtoto, anaitiwa mtu mzima.

Mbwa akivuka salama, achanjwe afikapo miezi mitatu na kila mwaka, au mapema zaidi kampeni ikipita mtaani kwenu. Kampeni nyingi za chanjo hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Sharti moja la nyumbani: mtoto anayesema ameumwa hapigwi. Hata kama alimchokoza mbwa. Mtamwonya baadaye; siku ile anaoshwa na kupelekwa.

*Sisi ni Waislamu, hatufugi mbwa. Je, mwanangu atajifunzaje wema kwa mbwa wa jirani bila kumgusa?*
— Mama, Tanga

Mama, wema kwa mnyama haudai kumgusa. Madrasani atakuwa ameshasikia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Zote mbili zina vitendo ambavyo mtoto anaweza kuviiga: beseni la maji nje ya ukuta kwenye kivuli, kutorusha jiwe, kufungua mlango wa stoo paka asibaki ndani, kumwita mtu mzima mnyama akigongwa barabarani. Beseni liwe la kazi hiyo tu, lisiingie jikoni, na mambo ya twahara yaendelee kama mlivyofundishwa na sheikh wenu.

*Paka wa watoto ana viroboto. Naweza kumpaka dawa ya kupe ya ng'ombe nikiipunguza makali?*
— Msomaji, Nakuru

Usijaribu. Dawa nyingi za kuoshea ng'ombe, na baadhi za mbwa, zina pamethrini au saipamethrini, ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa. Atatetemeka, ashikwe na degedege, afe. Kama umeshampaka, mwoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kwa daktari. Tumia chanuo la meno membamba kila siku, ukilichovya kwenye maji ya sabuni, na fua matandiko yake kwa maji ya moto na kuyaanika juani kila wiki, kwani mayai ya viroboto yamejaa huko kuliko mwilini. Na akiumwa asipewe parasetamoli. Nusu kidonge kinaweza kumuua.

*Shikamoo daktari. Mbwa wetu Simba anafungwa mnyororo mchana kutwa. Baba anasema akizoea watu hatalinda. Mimi namwonea huruma. Nifanye nini?*
— Mwanafunzi wa gredi ya sita, Kilifi

Marahaba, mwanetu. Usimfungue kwa siri. Akitoka mbio akagongwa au akamuuma mpita njia, utabeba mzigo usio wako. Yapo mambo ambayo unaweza kuyafanya bila kubishana na baba, na mengine umwombe kwa adabu akiwa ametulia.

Mwombe uitazame kola pamoja naye. Vidole vyako viwili vipite kati ya kola na shingo bila kubanwa. Mbwa hukua na kola haikui. Kwa mbwa aliyefungwa akiwa mdogo, ngozi huweza kuota juu yake, na utagundua kwa harufu. Kola ya ngozi au ya utepe mpana ni bora kuliko waya.

Umwonyeshe pia hili. Nguzo mbili zikichimbiwa umbali wa mita nane hivi, waya mgumu ukavutwa kati yake juu ya kichwa cha mtu, na mnyororo ukafungwa kwenye pete inayoteleza juu ya waya, Simba ataweza kutembea uani bila kujizungushia kwenye nguzo moja. Pigilia kizuizi nusu mita kabla ya kila nguzo. Waya upite penye kivuli cha saa sita, siyo cha asubuhi tu. Usiku, geti likifungwa, afunguliwe kabisa. Kuhusu ulinzi, mwambie baba kwamba mbwa hubweka kwa sababu anajua nani wa nyumbani na nani mgeni, na hilo hulijua kwa kuishi na watu wake. Anayeshinda kwenye mnyororo humbwekea hata kuku, na baada ya muda hakuna anayeamka kwa sauti yake. Kumlisha pilipili au kumkata masikio ili awe mkali hakumfanyi mlinzi, kunamuumiza tu.

Kazi yako wewe ni maji. Osha bakuli kila asubuhi kabla ya shule, lisugue ule utelezi wa pembeni, lijaze, kisha ulijaze tena ukirudi. Simba akilipindua, tumia badala yake sufuria pana yenye jiwe zito katikati, uone kama inahama. Ikihama, isogeze karibu na ukuta, mahali ambapo mdomo wa Simba unafika lakini mnyororo haufiki.